Siku Mama Alipofunga Jiko

Shirini mjukuu wangu,

Huku Toronto tu wazima, ila lifti imeharibika tena na magoti yananiuma. Unauliza kama kweli baba yangu alikuwa mtakatifu. Jamani, swali hilo limenichosha! Alikuwa Mparsi wa kwanza Unguja kujiunga na chama cha watafutaji wa hekima ya siri ya dini zote, na wazee wetu wa hekalu la moto wakamtenga. Lakini kila Alhamisi wanachama wenzake walikuja kwetu wakazungumzia usawa wa binadamu, huku Mama akiwapikia peke yake.

Siku moja Mama alifunga jiko kwa ufunguo, akaketi katikati yao. "Leo na mimi natafuta siri," akasema.

Baba akamwomba ufunguo, akaingia jikoni kupika chai mwenyewe. Chai yake ilikuwa mbaya mno, lakini wageni wakainywa. Utakatifu siujui, mwanangu. Nilimwona akiosha vikombe vyote, na Mama amekaa.

Bibi yako