Taa Iliyorudishwa

Baba, shikamoo.

Nimeandika neno hilo kisha nikakaa, maana sijui kama nastahili marahaba yako.

Ni ile taa, Baba. Ile ya kubana kwenye kifaa chako cha kusomea vitabu. Ulinipigia simu dukani Kariakoo ukasema, "Zuhura mwanangu, chumba changu hiki cha Magomeni kina giza hata mchana, na kifaa chenyewe hakina mwanga. Nitafutie taa ndogo. Kibanio kiwe laini tu, maana kioo cha kifaa ni chepesi kupasuka."

Mimi nauza taa hizo. Kabatini zilikuwepo aina nne. Sikukuchagulia hata moja. Nilikuletea iliyokuwa kwenye droo, ambayo mteja alikuwa ameirudisha akilalamika kwamba inabana mno. Nilijiambia, Baba hatajua.

Uliipokea kwa mikono miwili. "Ahsante sana. Sasa nitasoma mpaka nishibe."

Kila Jumapili nilikukuta kitini, kifaa mapajani, taa inawaka. Nikikuuliza umefika wapi, unajibu, "Pazuri, mwanangu. Pazuri sana."

Siku ya tatu baada ya kukuzika nilikiwasha kifaa chako. Kioo kilikuwa na ufa kuanzia pale kibanio kinaposhika, na nusu ya ukurasa ilikuwa nyeusi tupu. Mama akaniambia, "Kilipasuka siku ileile uliyoleta taa. Alinikataza nisikwambie. Alisema utaumia bure, na ulimchagulia mwenyewe kwa mkono wako."

Kwa mkono wangu! Baba, miezi yote ile ulikuwa husomi. Ulikaa tu, kwa ajili yangu. Nami nikainamisha kichwa, nisimwambie Mama ile taa ilitoka wapi.

Wiki iliyopita alikuja dukani mama mmoja mtu mzima, anatafuta taa kama yako. Nilizijaribu zote kwenye kidole changu, moja moja, mpaka nikapata isiyouma. Akasema, "Wewe umelelewa, binti." Nikageuka, nikajifanya napanga makava ya simu, asione machozi.

Mama naye bado anawasimulia majirani nilivyokuhangaikia. Wananisifu, nami nazipokea sifa hizo. Siwezi tena. Jumapili hii nakwenda Magomeni, nitamwambia yote, na hao majirani wakiwepo nitasema mbele yao. Akininunia, nitakaa hapohapo mpaka aniite jina langu.

Pumzika, Baba yangu. Nisamehe.

Mwanao,
Zuhura