Mahindi ya Mama Yaliyonukia Mbuzi

Dandora, Jumapili jioni, mwezi wa tatu, 1985

Mvua imeacha leo asubuhi, na matope yamefika kwenye kifundo cha mguu. Mimi nina hasira tangu nilipofungua macho. Kanisani sikwenda. Mungu ameona nilivyoamka, ataelewa.

Shamba langu limefukuliwa lote.

Kuliita shamba ni kujipa sifa. Ni kipande kando ya mto, nyuma ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, kirefu kama kamba mbili za kuanikia nguo. Lakini jana nilipanda humo mahindi yote ya Mama niliyokuwa nayo, na hapo ndipo roho inaponiuma.

Mahindi yenyewe si ya dukani. Ni yale ya rangirangi, punje nyeupe zimechanganyika na nyekundu na nyeusi. Mama aliyapata kwa mama yake kule Machakos, na huyo naye kwa mama yake. Haibridi ya dukani lazima ununue mbegu kila mwaka, kwani ukipanda ulichovuna unapata mabua mengi na vihindi vya kuchekesha. Ya Mama unachagua hindi lililojaa, unatoa punje za katikati, unapanda, na mtoto anafanana na mzazi.

Mwaka jana mvua ilikataa kabisa. Mama alishikilia mbegu yake mpaka wajukuu walipolala njaa, ndipo akaichukua akaipika. Alinisimulia akiangalia chini, sauti yake sikuijua. Majirani zake nao walikuwa wamekula mbegu zao, kwa hiyo hakuna wa kumwomba. Yaliyobaki, kwa kadiri tunavyojua, ni yale machache aliyonipa mwaka juzi nije nayo Nairobi. Nikamwahidi nitayapanda huku mvua hii, nimpelekee mbegu kabla ya mvua ya mwezi wa kumi. Akainua macho akaniangalia, nikaona ameamini.

Sasa, mbegu ya mahindi hutundikwa juu ya moto ili moshi ufukuze wadudu. Nyumbani kuna meko ya kuni. Mimi hapa nina chumba kimoja na jiko la makaa ambalo moshi wake unaisha kabla chai haijachemka. Nilijaribu stovu ya mafuta taa. Mume wangu akaniuliza kama ninafukuza wadudu au ninamfukuza yeye.

Ndipo nikamkumbuka Kimani wa bucha ya pale kona. Nyuma ya bucha yake ana banda la kuchomea mbuzi, na moshi haukatiki tangu mchana mpaka jioni. Nilimwomba nafasi darini, akanipa bila maneno mengi, akayafunga mahindi yangu kwa maganda yake juu ya moto. Wateja walikuwa wakimuuliza kama ile ni dawa ya biashara. Alikuwa akiwajibu ndiyo.

Ijumaa nilikwenda kuyachukua. Yalikuwa meusi kwa masizi, makavu, bila hata tundu moja la mdudu. Ila yamepungua. Kimani akaapa kwa watoto wake wote kwamba ni panya. Nikamuuliza ni panya gani huyo anayejua kufungua fundo. Nilimwita mwizi mbele ya wateja, yeye akaniita mchoyo, nikaondoka na mfuko wangu.

Jana nikapanda. Nilichagua mahali mbali na haibridi ya jirani, upepo usije ukanichanganyia mbegu. Mama huacha akiba nyumbani kila msimu. Mimi nikasema punje zenyewe ni chache, acha zote ziingie ardhini. Hiyo ndiyo akili yangu.

Asubuhi nikamsikia Mama Zuhura wa mlango wa pili akiniita. Yeye ni mtu wa Mombasa, hata habari mbaya anaileta kwa heshima. "Mama Mutheu mwenzangu, njoo utazame shamba lako. Lakini kunywa maji kwanza."

Ni mbwa wa jalala. Wamefukua shimo baada ya shimo, kwa mstari, bila kuruka hata moja, utadhani kuna mtu aliwaonyesha. Niliokota kipande cha punje kwenye matope nikakinusa. Mbuzi. Mbuzi wa kuchoma kabisa, ilibaki kachumbari tu. Nimewapandia mbwa wa Dandora harufu ya nyama, kwa nafasi sawasawa, na kamba ya kunyoosha mistari nilivuta.

Mbwa hawakuzila. Kila walipokuta ni mahindi waliyatema wakahamia shimo la pili wakiwa na matumaini mapya. Ningeweza kuziokota zote. Lakini kuku wa Mama Zuhura waliamka kabla yangu.

"Kuku hawana adabu, mwenzangu," alisema, akishika mdomo. "Nitakuletea mayai."

Nilianza kwa kucheka. Kisha nikakaa palepale kwenye matope nikalia, kwa sababu nilimwona Mama akiniangalia vile alivyoniangalia siku nilipomwahidi.

Mchana Kimani akaja mpaka mlangoni, bado na aproni yake ya kazi, na kitu kimefungwa kwa gazeti la nyama. Nilimuuliza kama amekuja kunicheka.

"Kabla hujaniita lile jina tena, Mama Mutheu, ni kweli. Niliiba." Akafungua gazeti. Mahindi mawili ya Mama, mazima, meusi kwa moshi. "Mama yangu kule Murang'a pia alipika mbegu yake mwaka jana. Nikasema nimpelekee haya. Nilijua nikikuomba utaninyima."

Ningemnyima. Hilo naliandika hapa tu, kwake sikulisema.

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa yote mawili yangeleta maneno kwenye ploti, nikamtilia chai. Tukagawana hindi moja moja. Aliniambia nichague kwanza, nikachagua lile kubwa bila aibu.

Kesho napanda tena. Punje nitaziosha kwa maji na majivu mpaka Mama Zuhura azinuse na kusema hakuna mbuzi. Ameahidi kuwafungia kuku wake. Konzi moja nitaiweka kwenye mkebe, na hiyo haitoki hata ardhi ikinililia. Kimani alijitolea kuja kuchimba mashimo. Nilimshukuru sana, nikamkataza asisogee karibu na mto, maana alipoinuka kwenda zake mbwa watatu walikuwa wamelala mlangoni kwangu wakimsubiri.

Limebaki jambo moja. Mwezi wa kumi Mama ataishika ile mbegu, ataigeuzageuza, kisha ataniuliza niliitunzaje. Yeye huwezi kumdanganya. Nimwambie mimi niliipoteza yote kwa siku moja, na iliyopona ni ile iliyoibwa?

Nitamwambia. Lakini kwanza nimwone akiipanda.