Kobe Aliyekomea Bunda

Jumanne, Makoko. Tangu alfajiri upepo unatoka ziwani na mabati hayatulii. Mvua imetishia tu, haijanyesha. Miguu imevimba hadi ndara zinanibana, na ninaandika kwa kidole kimoja, nikipumzika kila baada ya sentensi mbili tatu. Wengi mnaonisoma hapa mtandaoni ni wanafunzi wangu wa zamani. Leo mtanivumilia.

Kuna jambo nimelinyamazia tangu Jumamosi.

Jumapili padri aliniletea komunyo nyumbani. Niliungama hasira, nikaungama kuwasema majirani. Hili sikulitaja. Nilijiambia kwamba si dhambi, ni mambo ya kompyuta.

Moyo wangu ni mgonjwa, si siri tena. Kila mwezi nakwenda kliniki hapa mjini Musoma, na siku moja kabla huletewa meseji na hospitali: jina langu, siku, saa. Mwezi huu haikuja. Alhamisi ya kliniki ikafika, nikabaki kitandani. Binti yangu Anastazia akauliza, "Baba, mbona hawajakuita?" Nikamjibu, "Hawajaniita." Sikusema uongo. Lakini nilipogeukia ukutani, nilitabasamu.

Nilifurahi. Sina neno jingine.

Nimechoka na lile benchi. Nimechoka na sindano inayotafuta mshipa usiotaka kuonekana, na mchuzi usio na chumvi. Kuacha kliniki kwa uamuzi wangu nisingethubutu, Anastazia angelia. Kusahauliwa ni kitu kingine. Mtu akisahauliwa, hana wa kumlaumu.

Jumamosi akaja Magesa. Nilimfundisha hifadhidata chuoni. Sasa anaishi Bunda, na ndiye aliyeiandikia hospitali yetu programu ya kutuma meseji. Alikuja kunijulia hali, akaniletea sato wawili, na chai haijapoa alikuwa ameshafungua laptop mapajani.

"Mwalimu, ebu ona. Nimemtumia kobe wako."

Neno hilo ni la darasani kwetu. Kuna kitu ambacho programu hukitumia kupita juu ya majibu ya hifadhidata, mstari mmoja baada ya mwingine, Kiingereza chake ni "cursor", na sisi tulikitamka "kasa". Mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akauliza, kasa si yule mnyama wa baharini? Sisi wa ziwani tunamjua kobe. Darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo kasa akawa kobe. Jina lilimfaa, kwa sababu mwendo wake ni wa polepole. Nilikuwa nawaambia: kama amri moja inaweza kugusa mistari yote kwa mpigo, msimsumbue kobe. Lakini pale ambapo kila mtu ana jambo lake, mwacheni atembee mlango hadi mlango.

Kobe wa Magesa alitembea hivi. Anawachukua wagonjwa kwa majina ya mahali wanapoishi, kwa mpangilio wa alfabeti. Anachota mgonjwa mmoja, anaitafuta namba yake kwenye jedwali la simu, anaiandaa meseji, anamchota anayefuata. Na juu kabisa ya programu kulikuwa na amri moja ya kumsimamisha: ukikosa kitu, ujue umemaliza, toka.

Niliiona pale pale.

Amri hiyo iliwekwa kwa ajili ya mwisho wa safari, wagonjwa wakiwa wamekwisha. Lakini haijui kutofautisha kilichokosekana. Kobe akifika kwa mgonjwa asiye na simu, akaitafuta namba asiipate, hapo pia amekosa kitu. Basi anaamini watu wamekwisha. Anafunga kazi, anatoa taarifa kwamba yote yamekwenda salama, na hakuna kengele inayolia popote. Kwenye jedwali la wagonjwa nilimwona bibi mmoja wa Bunda, ameandikishwa mwezi huu. Kwenye jedwali la simu hakuwemo.

"Inafanya kazi vizuri kabisa," Magesa alisema. "Mama mkwe wangu yuko Bunda pale pale, yeye amepata."

Ndiyo, Bunda, kabla kobe hajamfikia yule bibi. Baada ya Bunda ni Buswahili. Halafu Butiama. Halafu Kigera. Halafu Makoko.

"Sasa Mwalimu, unanipa ngapi?"

"Themanini."

"Themanini! Wewe? Enzi zile ulikuwaga unatoa hamsini na bado umenuna!"

Tulicheka mpaka nikakohoa. Akanipigapiga mgongoni kama mtoto. Nilimpa themanini kwa kazi niliyojua imewaacha watu njiani, kwa sababu ningemwambia, angeirekebisha siku hiyo hiyo, na simu yangu ingelia tena.

Jana akanipigia Mama Masatu. Ni mjane, analima mihogo na mahindi Buswahili, na kliniki huwa tunakaa benchi moja, mimi upande wa dirisha. Huniambia Kiingereza changu kinamtisha daktari kuliko ugonjwa wangu.

"Mwalimu, wewe walikuita?"

"Hapana."

"Hata mimi. Nilikuwaga napata meseji mapema kabisa. Sasa kimya. Naona wametutazama wakasema hawa wameshaisha, tuwape nafasi wengine."

"Labda ni mtandao," nikasema.

Mtandao. Huku kwetu unabebeshwa kila kitu, na haujawahi kujitetea.

"Basi na vidonge nimeacha," akasema. "Tangu Alhamisi. Nimeze vya nini, wenyewe wakishanikatia tamaa?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Sentensi moja tu. Mama, hawajakukatia tamaa, ni programu imekosewa, na aliyeikosea ni mwanafunzi wangu. Nikarudia kwamba labda ni mtandao. Akaniambia nimsalimie Anastazia, akakata.

Leo asubuhi uji ulinishinda. Nilikuwa nikijiambia kwamba nimechagua jambo langu mwenyewe, na mzee ana haki ya kuchoka. Lakini Mama Masatu hakuchagua chochote. Yule mama anataka kuishi. Ana mihogo ya kuvuna. Ukimya niliouona mimi kama ruhusa, yeye aliusoma kama hukumu, akaanza kuitekeleza.

Nikampigia Magesa.

"Zile themanini nazirudisha."

"Kwani nini tena, Mwalimu?"

Nikamweleza. Nikasikia vidole vyake vikigonga kibodi.

"Mungu wangu. Na Butiama?"

"Na Butiama. Na Kigera. Na mimi."

"Uliiona lini?"

"Jumamosi."

Hakuniuliza kwa nini. Afadhali angeniuliza.

Nilimwambia afanye mambo mawili. La kwanza, kazi ya kutafuta simu aiwekee chumba chake ndani ya ule mzunguko wa kobe, chenye amri yake yenyewe, ili kukosekana kwa namba kusije kukadhaniwa ni mwisho wa watu. La pili, asiye na simu asirukwe kimyakimya. Jina lake liwekwe pembeni, na mhudumu wa afya wa mtaa amfuate kwa miguu. Nilipokuwa nalisema hilo la pili ndipo nilipomkumbuka yule bibi wa Bunda. Siku zote hizi nilikuwa nikimwona kama jiwe lililomkwaza kobe. Sikuwahi kujiuliza nani alimwita yeye.

Adhuhuri Magesa akanipigia. Imerekebishwa, na daktari amekubali wote walioachwa waje kesho. Mtu ameshatumwa kwa yule bibi.

Ikabaki Buswahili.

Nilimpigia Mama Masatu nikiwa nimekaa, mkono mmoja nimeushikiza ukutani. Nikamwambia halikuwa suala la mtandao. Nikamweleza kobe, nikamweleza Bunda, nikamwambia kesho anasubiriwa.

"Ulijua lini?"

"Jumamosi."

"Jana nilipokupigia, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Nilisikia kuku wake, na mtu kwa mbali akitwanga. Kisha akasema taratibu, bila hasira, na ingekuwa rahisi zaidi kama angefoka:

"Mwalimu, ulitaka kwenda zako peke yako, au mimi nilikuwa wa kukusindikiza?"

Ninaandika ukurasa huu kwa sababu ya swali hilo.

Akaniambia nisubiri. Nikasikia mfuniko wa sufuria, maji, na yeye akimeza kwa shida. Aliporudi kwenye simu sauti ilikuwa nyingine. "Vidonge hivyo vimeingia. Kesho dirishani nakaa mimi. Wewe utakaa kule mlangoni kwenye upepo, ndiyo adhabu yako. Na usipokuja nakuja Makoko mwenyewe nikuvute sikio mbele ya binti yako."

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme.

Meseji yangu imeingia jioni hii. Ningependa kuwaandikia kwamba hamu ya kuishi imenirudia. Haijarudi. Nimechoka kama nilivyochoka Alhamisi, na moyo unagonga kama mtu asiye na uhakika wa nyumba. Sidhani kama nitaandika hapa mara nyingi tena. Ninachojua ni kwamba kesho kuna mtu atakuwa anatazama mlango wa kliniki, na nisipoingia atajua maana yake.

Nimemwomba Anastazia anitolee shati lenye mikono mipana, lile ambalo muuguzi hapati shida kulikunja. Alijipangusa macho kwa kanga, akaenda kutia makaa kwenye pasi.

Kesho ninakwenda. Nitakaa kwenye upepo.