Mbele ya Somo Yangu

Dada Asha,

Shikamoo dada. Mama naye mfikishie shikamoo yake, mwambie nimepiga goti hapa hapa ninapoandika. Kifua chake kimetulia? Na maji, bado mnateremka bondeni, au mvua imewahurumia mkakinga ya bati? Mwanangu Mwanahawa asisingizie masomo, abebe ndoo na wenzake. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo sina, dada, na wewe sikufichi.

Nilikuambia hoteli yetu imebinafsishwa. Siku hizi kila kitu ruksa, hata kumuuza mtu pamoja na kazi yake ruksa. Tajiri mpya akatangaza kwamba wa jikoni, wa vyumbani, hata sisi wafua mashuka, asiyejua Kiingereza atapunguzwa. Nikaapa sipunguzwi, maana Mwanahawa nimemwahidi korosho zikiisha anakuja kukaa na mimi, asome huku. Nikamwambia somo yangu, Mama Salumu, ambaye tunafua naye beseni moja, "Twende tukasome." Akacheka sana. "Mimi niliyekufunda unyagoni, leo nikakae benchi moja na wewe?" Lakini akaja.

Tulisomea barazani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Yeye alisema Kiingereza ni kama kanga: pindo ni lile lile, unabadilisha mji wa katikati tu. Ukishashika "I am washing the plate", ninaosha sahani, basi toa sahani, weka kikombe, weka sufuria, pindo halisogei. Dada, nililipenda hilo! Nikaanza kuyasikia mapindo kila mahali, kwa wageni wanaopita koridoni. Wakitaka kuuliza, neno la pili linaruka mbele: "You are tired", umechoka, "Are you tired?", umechoka? Na hawasemi kitu bila kumtaja mwenyewe. Sisi mvua inanyesha tu, basi. Wao ati "It is raining", hata mvua wameitafutia mwenyewe! Nikauliza huyo "it" ni nani, mwalimu akasema si mtu, ni desturi yao. Lakini tulipofika "There is no water", hakuna maji, mtoto wa Newala sikuhitaji kufundishwa mara mbili. Nikawa nafua huku nabadilisha: hakuna sabuni, hakuna mkaa, hakuna mume. Somo akaniuliza nacheka nini peke yangu.

Yeye hayakumwingia. Akiyashika leo, kesho yamekimbia. Nami nikawa namfundisha kwa mlango wa nyuma: tunakamua mashuka, naimba zile sentensi kana kwamba najiimbia mwenyewe, asije akaona mwali anamfunda somo. "Wee Zuhura, umekuwa kasuku," ananiambia.

Siku ya kuulizwa wakatuita wawili wawili, kila beseni na watu wake. Nikaingia na somo yangu. Meneja ni kijana wa kigeni, mpole tu. Akaanza na somo kwa kuwa ndiye mkubwa: "What do you do every day?" Unafanya kazi gani kila siku. Somo akatabasamu, akatengeneza mtandio wake. Kijana akarudia polepole. Somo akaitazama sakafu. Ndipo meneja akanigeukia mimi, akaniuliza lile lile.

Dada, jibu lilikuwa mdomoni. I wash the sheets, I iron the sheets, I fold the sheets. Nafua, napiga pasi, nakunja. Lakini unajua tulivyofundwa: pale somo aliposhindwa akanyamaza, mwali hafungui mdomo, maana kuufungua ni kumvua nguo mbele za watu. Nikaliona jasho linamtiririka shingoni. Meneja anasubiri, ananitazama kwa huruma. Nikamfikiria Mwanahawa. Nikanyamaza, nami nikaitazama sakafu. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akatuambia asanteni, kwa Kiswahili.

Tumepunguzwa sote wawili. Hoteli nyingine nimezunguka, nazo ama zimeuzwa ama zinauzwa, na kote wanataka kujua kwanza kule nilitolewa kwa nini. Na nikirudi huko nije kufanya nini, wakati unaniandikia mikorosho imepigwa na ukungu hata maua haishiki? Sioni pa kushika, dada. Nalala nimechoka, naamka nimechoka.

Tulipotoka nje ya geti somo alinikamata mkono. "Ulikuwa unalijua?" Nikamwambia, "Sikulijua, somo." Jamani, jinsi alivyoshusha pumzi! Kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Kusoma kote kule, kumbe na wewe bure kama mimi!" Sasa ndiyo hadithi yake mtaa mzima, na mimi nacheka naye.

Anarudi kwao Lisekese, kule Masasi, lakini kasema kabla ya kufika huko atapanda Newala kwanza awasalimu. Mpikieni ming'oko, mpeni maji ya kuoga hata kama yamebaki kidogo. Atawasimulia, nanyi chekeni.

Nisalimie shemeji, mjomba fundi baiskeli, na bibi jirani anayenigombeza hata kwa salamu.

Mwanahawa mwambie safari ya kuja huku imekufa, asiendelee kuwaaga wenzake. Na somo akisema mama yake alishindwa swali la mtoto mdogo, mwanangu akakutazama ili umwambie si kweli, tafadhali dada, usimwambie.

Mdogo wako,
Zuhura