Chumvi Nne, Jiko Moja

Mpendwa Baba,

Leo ni Jumamosi, nami naandika kwenye meza yako ya sebuleni hapa Jinja. Nimefungua madirisha yote tangu asubuhi, na harufu ya nyumba iliyofungwa imeanza kutoka. Saa kumi watakuja watu wawili usiowajua, kila mmoja na begi lake, kuanza maisha katika nyumba uliyoijenga ili usikae tena na watu. Nataka kukueleza mwenyewe kabla hawajagonga geti.

Shajara zangu ziko hapa mbele yangu. Ni wewe uliyeniita Karani, nilipokuwa bado na madaftari ya shule. Ulikuwa unavua buti za kazi mlangoni na kuniuliza, "Karani, umeandika nini leo? Umeandika kwamba baba yako amechoka?" Nilikuwa nimeandika. Leo nimefungua ukurasa wa siku ile uliyokuja kunitembelea Mbale, na nimeusoma mara tatu.

Unakumbuka jinsi ulivyoipinga ile nyumba ya Nabuyonga, kule Mbale, kabla hata hujaiona. Kazini walikuwa wananihamisha kati ya ghala la Jinja na ghala la Mbale, pengine kwa miezi michache tu, na nilichoka kununua kitanda na kukiacha. Nikapata nyumba ya watu wanne. Kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake, kitanda na meza vimo tayari, jiko na sebule ni vya wote. Unalipa mwezi kwa mwezi, na kazi ikikuita kwingine unatoa taarifa na kubeba begi lako.

"Ni hosteli?" uliniuliza kwenye simu.

"Hapana, Baba. Ni nyumba ya watu wanaofanya kazi."

"Wa ukoo gani?"

"Hakuna ukoo, Baba. Kila mtu na kwao."

"Basi hiyo ni kambi. Mimi nimekutoa kambini, wewe umejirudisha."

Nilijua ulichomaanisha. Sisi watoto wa askari magereza tumekulia kwenye laini, ile safu ya vyumba vya bati ambako ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jirani akigeuka kitandani unajua. Ukikohoa wewe, afande wa chumba cha pili alijibu, "Pole, bwana!" Ulikuwa unamjibu asante, kisha unanong'ona kwetu, "Siku nitastaafu, nitakohoa bila mtu kuniambia pole." Ukastaafu, ukajenga. Geti ulilichagua wewe mwenyewe, la chuma tupu, lisilo na upenyo hata wa jicho.

Ulikuja Mbale Jumapili, viatu vimepigwa rangi kama vya gwaride, na mfuko wa karanga mkononi. Wafula, yule Mkenya wa chumba cha nyuma, muuza mitumba, ndiye aliyekufungulia. Akasimama wima akapiga saluti.

"Jambo, afande!"

"Jambo. Wewe ni nani kwa binti yangu?"

"Mimi ni nani kwake? Mimi ni mtu anayegombezwa naye kila siku kwa kuacha sufuria chafu, mzee."

Khainza, muuguzi, alicheka mpaka akashika mlango. Zubeda, mwalimu, akakuletea kiti. Wewe hukucheka, lakini sharubu zako zilisogea. Nimeliandika hilo pia.

Kisha ukaenda jikoni, mikono nyuma, kama mtu anayekagua. Mekoni kulikuwa na sufuria nne, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amepika chake. Kuku wangu alikuwa amelala kwenye mchuzi wake; Khainza alikuwa amepika malewa kwa karanga, akidai hakuna mtu anayefika Mbale akaondoka bila kuonja chipukizi za mianzi za mlimani kwao. Halafu ukainua macho kwenye rafu. Makopo manne ya chumvi yalikuwa yamepangwa mstari mmoja, kila moja na jina.

"Nani ameandika haya majina?"

"Mimi, Baba." Nilisema kwa fahari kidogo. Nilikuwa nimeyabandika vizuri, kama ninavyobandika ghalani.

"Chumvi nne, jiko moja." Uliyahesabu tena kwa kidole. "Hata wafungwa wangu walikula chumvi moja."

Nilikukaribisha mezani, ukakataa. Nikafikiri umekasirika kwa sababu ya Wafula kuwa mwanamume, au kwa sababu ya kiti kilichovunjika mgongo. Mpaka leo naona aibu kwamba ilibidi unieleze. "Nile ya nani?" uliuliza. "Nikila ya mmoja, wale watatu nimewatukana." Ndipo nilipokumbuka laini. Mgeni wa chumba kimoja alikuwa mgeni wa safu nzima. Chungu kilitolewa nje, kila mama akaongeza alichokuwa nacho, na mgeni alikula kile kimoja. Ulikuwa umekuja na adabu ya laini, na mimi nilikupokea kwa adabu ya ghala.

Ulikunywa maji, ukawapa mikono wenzangu wote watatu, ukauliza kila mmoja jina lake na kwao ni wapi. Ukiwa getini ukaniambia, "Nitakuja kula siku chungu kitakuwa kimoja."

Sikukueleza kilichotokea baadaye, na hilo ndilo linalonichoma. Ulipoondoka Wafula alishika yale makopo, akayamwaga yote kwenye kopo moja kubwa la maziwa ya unga. Khainza akapiga kelele, "Weye! Chumvi yako ya mawe itatuvunja meno!" Naye akamjibu, "Wewe ni muuguzi, si utatutibu?" Zubeda akasema mzee ana haki, na kwamba yeye alikuwa anaona haya muda mrefu kuazima chumvi kwangu, kwa jinsi nilivyoandika jina langu kubwa. Tangu Jumapili iliyofuata tukaanza kupika chungu kimoja. Zamu niliziandika mimi, bila shaka. Wakanicheka.

Nilitaka uje ukione hicho chungu. Ila unanijua, Baba. Kwanza nikataka kiti kitengenezwe. Halafu mapazia. Halafu nikangoja Jumapili ambayo Khainza hana zamu hospitalini, ili tuwe wote wanne kama ulivyotuacha. Katika shajara nimekuta maneno "Kumwita Baba" yameandikwa mara sita, na kila mara nimechora mshale kwenda wiki inayofuata. Mshale wa sita unaelekea wiki ile Mama alipopiga simu kusema umeanguka bafuni na hukuamka tena.

Hakuna hesabu ya kunitoa hapo. Nilikuwa napanga vizuri, na wewe ulikuwa unangoja kuitwa.

Kitu kimoja kinanifariji, nacho kimo humu humu. Kila uliponipigia baada ya safari ile, ulianza na mimi, kisha ukapita mlango kwa mlango. "Mwalimu amemaliza mitihani?" "Muuguzi bado analala mchana?" Na mara moja, "Yule Mkenya, kile kikohozi chake kimepona? Mwambie pole." Nilimwambia. Akasema, "Mzee wako ni mtu wa watu, anajificha tu."

Sasa kazi imenirudisha Jinja, na hii nyumba ilikuwa imefungwa tangu Mama arudi Teso. Vyumba vinne na mtu mmoja. Ghalani kuna vijana wanaohamishwa kama mimi, wanatafuta mahali pa miezi sita, wanapata ama chumba kitupu cha kujazwa vyombo, ama hoteli. Nikawaza kuifungua iwe kama ile ya Nabuyonga. Nilipomwambia Mama, alikataa papo hapo. "Baba yako alijenga geti ili watu wabaki nje."

Sikubishana naye. Nililala na neno lake wiki nzima, maana niliona ni kweli. Ningekuwa naingiza kambini nyumba ya mtu aliyetoroka kambi, tena baada ya kushindwa hata kumlisha. Nilikuwa nimekwisha amua kuacha, Mama alipopiga tena mwenyewe.

"Amongin, nimefikiri. Geti alijenga, ndiyo. Lakini kiti chake alikuwa anaweka wapi?"

Ulikuwa unakiweka nje, Baba. Nje ya geti, kila jioni, mgongo kwenye chuma, ukisalimia kila anayepita, bodaboda, wanafunzi, wauza samaki.

"Alikuwa anakohoa humo ndani," Mama akasema, "halafu ananitazama. Nilikuwa nadhani anataka dawa."

Alitoa sharti moja tu, kwamba chumba chenu asipewe mtu mwingine. Nitalala mimi humo.

Hapo niliacha kuandika kwa muda mrefu, kwa sababu geti liligongwa kabla ya saa. Wa kwanza ni binti wa kutoka Malukhu, kule kule Mbale, fundi wa mashine za kushonea. Wa pili ni kijana karani wa usafirishaji. Ana redio na mto wake mwenyewe. Nimewaonyesha jiko. Binti akatoa kwenye begi kopo dogo la chumvi, amelibandika jina lake kwa herufi nzuri kuliko zangu. Nilicheka mpaka akaogopa. Nikamwambia alimwage humu, nikampa lile kopo la maziwa walilonifungashia wenzangu wa Nabuyonga, likiwa na chumvi ya mawe chini. Akamwaga, ingawa alinitazama kama mtu anayefikiria kurudi kwao.

Sasa kila mmoja yuko chumbani kwake anafagia. Vumbi ni jingi. Binti amekohoa. Na yule kijana, ambaye amemjua kwa saa moja tu, amesema kupitia ukutani, "Pole!"

"Asante," akajibu.

Kiti chako nimekitoa nje ya geti. Mekoni kuna atapa, ule ugali wetu wa ulezi wa Teso, na mboga ya karanga, tumepika watatu. Njoo ule, Baba, chungu ni kimoja.

Lala ukiwa na watu.

Binti yako,
Karani