Ndege Imeingia Tena

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Kibiti
Tarehe: 16/04/2025
Muda wa kuanza: saa 3:05 asubuhi
Jina: Sixtus Benedict Komba
Umri: miaka 33
Kabila: Mmatengo
Dini: Mkristo
Kazi: fundi simu
Makazi: Kibiti mjini, nyuma ya kituo cha afya

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Ninaeleza mbele ya WP Koplo Devotha kama ifuatavyo.

Nilizaliwa Mbinga. Nilikuja Kibiti mwaka 2017 na nina kibanda kinachotazamana na geti la kituo cha afya. Kubadilisha kioo au sehemu ya chaji kila fundi anaweza. Mimi watu wananifuata kwa jambo jingine: naipanga simu imfae mwenyewe. Mzee asiyeona vizuri namkuzia maandishi, naacha vitufe vinne tu mbele, vingine vyote navificha. Anayesumbuliwa na arifa nazinyamazisha moja moja mpaka zibaki zile anazozitaka. Nasema haya siyo kujisifu, ingawa zamani nilikuwa najisifu.

Salama Abbasi ninamfahamu. Ni mhudumu wa afya wa kujitolea katika kijiji kimoja cha kata ya Dimani. Yeye na wenzake walipewa simu zenye programu ya kuandikisha wajawazito na watoto, na humo humo wanaweza kutuma ujumbe kwa dereva wa gari la wagonjwa, bwana Khamisi. Kule mtandao ni hafifu. Sauti haipiti, ujumbe unapita.

Kuanzia mwezi wa pili mwaka huu Salama alikuwa anakuja kwangu na tatizo moja. Simu anaifunga kiunoni kwenye kanga, inajigusa, lile pazia la juu ya kioo linashuka, na kitufe cha ndege kinajibonyeza. Simu ikiwa na alama ya ndege haipo hewani. Alikuja mara tatu. Kila akifika anasema, "Fundi, ndege imeingia tena." Mara ya tatu nilikuwa nacheka kabla hajamaliza, naye akaniambia, "Cheka tu, fundi, mguu wangu huu unatoka Dimani."

Mnamo tarehe 10/03/2025, majira ya saa 5 asubuhi, niliimaliza kazi hiyo. Nilikitoa kitufe cha ndege kwenye pazia. Niliifanya ile programu ijaze kioo chote, mstari wa juu wenye saa na mtandao usionekane, ili vidole visipate pa kuvuta. Juu ya hayo niliweka kiprogramu kidogo: hata ndege ikiingia kwa njia yoyote, baada ya robo saa inaondoka yenyewe. Nilimweleza. Alifurahi na kuniletea pishi ya mchele wiki iliyofuata.

Wiki hiyo hiyo Khamisi naye aliniletea simu ya gari. Anaiweka mbele ya usukani kwa ajili ya ramani, na ujumbe ukiingia ulikuwa unafunika nusu ya kioo. Aliniambia, "Kidogo nimgonge mtu wa bodaboda pale Bungu, fundi. Yapunguze haya mambo." Nikayapunguza. Niliipanga arifa ije kama utepe mwembamba juu kabisa, jina la mtumaji na maneno matatu ya mwanzo, basi. Anayetaka zaidi avute pazia. Alipoiona alisema safi sana.

Mnamo tarehe 14/04/2025, siku ya Jumatatu, saa 3:30 asubuhi, Khamisi aliniletea simu hiyo tena kwa kuwa ilikuwa haishiki chaji. Aliniambia anakwenda kujaza mafuta na kuosha gari, lina tope la barabara ya huko chini. Alisema, "Kikiingia chochote cha wahudumu, nipigie kwenye kitochi." Kitochi ni simu yake ndogo ya nyumbani, wahudumu hawana namba yake. Nilimjibu sawa.

Saa 4:12 asubuhi utepe ulipita juu ya kioo. Uliandikwa: "Salama Dimani: Ndege imeingia tena..."

Nilicheka peke yangu. Halafu, naomba liandikwe na hili, niliudhika. Nilijiuliza ndege imeingiaje wakati kitufe nimekitoa kwa mkono wangu. Niliona kama Salama anaisema kazi yangu kwa dereva. Sikuvuta pazia. Kwenye utepe kuna sehemu ya kujibu bila kufungua ujumbe, niliiweka mwenyewe nikaona ni uhodari. Nikaandika pale pale: "Usihangaike dada. Robo saa tu itaondoka yenyewe." Nikatuma. Kisha nikaizima simu, nikaifungua mgongo, nikaanza kuchomelea.

Sikumpigia Khamisi.

Saa 6:25 mchana Khamisi alirudi. Niliiwasha simu mbele yake. Ziliingia tepe mbili za Salama, moja baada ya nyingine. Khamisi akavuta pazia na kusoma kwa sauti, kuanzia ule wa kwanza. Ulisema: "Ndege imeingia tena kwa mtoto wa Mudy, Habiba wa miezi 14. Amekakamaa, macho yamegeuka juu. Leteni gari hadi njia panda, maji yamejaa, tutamvusha." Wa pili ulikuwa wa saa 4:30: "Robo saa imeshapita. Bado anatupa mikono. Njooni." Wa tatu ulikuwa wa saa 5:02: "Bibi anakataa nisimtoe. Anasema hospitali wameshasema itaondoka."

Khamisi aliniuliza, "Aliyejibu hapa nani?" Nikamwambia ni mimi. Hakunitukana. Alichukua simu na kukimbilia garini na soketi ya chaji ikining'inia.

Koplo ameniuliza kama mimi mtu mzima sikujua kuwa ndege ni ugonjwa wa watoto. Najibu hivi. Kwetu tunasema degedege, na hilo nalijua, mdogo wangu aliugua. Lakini miaka minane niko hapa, nauziwa samaki na watu wa hapa, nazika nao na kwenda nao harusini, na sikuwahi kusikia mtu akisema "ndege" tu akimaanisha hilo. Au labda nilisikia nikadhani wanasema simu. Salama alikuwa ananiambia neno moja kwa simu yake, na kijijini kwake anatumia neno hilo hilo kwa watoto, na wala hakuwa na sababu ya kudhani kuna mtu litampotea.

Ila hata hiyo siyo hoja. Simu iliyoingia ndege haitumi ujumbe. Haiwezi. Mtoto wa shule anajua. Kama simu ya Salama ingekuwa na ndege, ule utepe usingefika mezani kwangu. Mimi ninayejiita fundi nilikuwa na ushahidi huo mkononi, unawaka, na nikaujibu.

(Saa 3:50 asubuhi. Hapa nimemsimamisha shahidi na kumweleza kuwa maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake, na kwamba ana haki ya kunyamaza au kumwita ndugu au wakili. Amesema ameelewa na anataka kuendelea. WP Devotha.)

Yaliyotokea kijijini sikuyaona, nimeambiwa na Khamisi. Bi. Mwanaharusi, bibi yake mtoto, siku zote hutaka ndege ishughulikiwe nyumbani kwanza, kwa kufukiza na majani, kwa kuwa anaamini mtoto mwenye ndege akichomwa sindano hufa. Mwezi uliopita ndege ilimpata huyu huyu Habiba, na Salama alibishana na bibi mpaka akakubaliwa. Mtoto alipelekwa, akapimwa malaria, akatibiwa na kurudi anacheka. Ndiyo sababu aliandika "tena". Safari hii bibi alikuwa ameshalegea, mtoto ameshafungwa mgongoni, na Salama akafungua simu awasomee kwamba gari linakuja. Badala ya gari akakutana na jibu langu. Salama hakusema uongo, aliwasomea kama lilivyo. Bibi akamfungua mtoto mgongoni. Alisema, "Hospitali wenyewe wamesema itaondoka. Wewe Salama unajua kuliko wao?"

Walikaa hivyo hadi saa 6 na dakika kadhaa, Salama alipomchukua mtoto kwa nguvu na kuvuka naye maji yakiwa kifuani. Khamisi aliwakuta njia panda saa 7:40 mchana. Habiba yuko hai, yupo wodini hadi leo. Mkono wake wa kushoto haunyanyuki. Daktari amesema wasubiri, huenda utarudi, huenda usirudi.

Jana tarehe 15/04/2025, majira ya saa 8 mchana, nilisikia kibandani kwangu kuwa Salama ameshikwa. Mudy, baba wa mtoto, amemlalamikia kwamba alikaa na mgonjwa saa mbili kisha akasingizia hospitali. Daktari na manesi wameulizwa, wote wamesema hakuna aliyemjibu, na ni kweli. Simu ya Salama ililowa alipovuka maji na haiwaki, na Khamisi hajaulizwa, kwa hiyo Salama anaonekana mwongo. Na yeye hajui aliyemjibu ni nani, amejua ni namba ya gari tu.

Saa 10 jioni Khamisi alinirudishia simu nimalizie ile soketi. Aliiweka mezani, akanitazama, akaondoka. Nilikaa nayo mpaka saa 12. Kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, ujumbe wote ufutike, ni kazi ya dakika mbili, na hiyo naifanya kila siku. Nilifika mpaka pale inapouliza kama una uhakika. Niliogopa jela, na niliogopa zaidi kuangaliwa na watu wa hapa kila nikifungua kibanda. Nikabonyeza hapana. Simu ninaikabidhi sasa ikiwa na jumbe zote tatu na jibu langu.

Nina ombi moja. Kijijini kule sasa wanajua kwamba hospitali ilisema ndege huondoka yenyewe. Masika hii kuna watoto wengine wataugua, na jibu langu litawafikia kabla ya gari. Naomba haya yasomwe kwa Bi. Mwanaharusi, kwa jina langu na kazi yangu, ajue kuwa aliyesema ni fundi simu.

Nimesomewa maelezo yangu na nimeyakubali, hakuna nililoongezewa wala kupunguziwa.

Sahihi ya shahidi: S. B. Komba
Muda wa kumaliza: saa 5:15 asubuhi

MAELEZO YA ASKARI

Mimi WP Koplo Devotha nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotamkwa. Simu imepokelewa kama kielelezo. Shahidi ameelekezwa abaki kituoni, naye amebaki.

Saa 7:30 mchana nimemsomea Bi. Mwanaharusi maelezo haya wodini, akiwa amempakata mjukuu. Mwanawe Mudy alikuwepo. Bibi alinitaka nirudie mara mbili sehemu ya jibu. Kisha aliniuliza, "Kwa hiyo hospitali hawakusema?" Nikamjibu hawakusema. Akawa anaushika ule mkono wa mtoto na kuuachia.

Halafu akamgeukia mwanawe, akamwambia, "Salama alikuwa analia, Mudy. Mimi ndiye niliyemfungua mtoto mgongoni. Nenda kamtoe."

Saa 9:10 alasiri Mudy amefika kaunta na kufuta malalamiko yake dhidi ya Salama Abbasi.