Fuwele Inayoitika

Machi 4

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kifua hakikusumbui tena. Mimi sijambo, ila vidole vina malengelenge ya tanuri. Viatu ulivyonishonea bado vinalia. Tunaviacha mlangoni kabla ya kuingia maabara, vumbi lisiingie, na mwenzangu Miwani anasema ataniletea bwawa, maana ndani mna vyura.

Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa, kwa kuwa majirani wanakusumbua nawe unawajibu "vioo". Si mbali sana. Natengeneza vilango vya mwanga. Mwanga wa leza unapita ndani ya fuwele nyembamba kuliko unywele. Nikiipa fuwele umeme, mwanga unabadilika. Nikiukata, unarudi ulivyokuwa. Hilo likifanyika mara mabilioni kwa sekunde, mwanga unabeba maneno ya watu kwenye nyaya za kioo hadi upande wa pili wa dunia. Fuwele hizi zina tabia yao. Ukizipasha moto, kisha ukazipoza polepole zikiwa kwenye umeme, chembe zake zote zinageukia upande mmoja, na zinabaki hivyo hata umeme ukiondolewa. Sisi tunasema imeshika.

Sasa jambo lenyewe. Fuwele moja ina kelele. Ili niisikilize niliunganisha spika pale mwanga unapotokea. Nilikuwa napiga mluzi wako wa kurudi nyumbani, kama ninavyofanya siku zote nikiwa na kazi ya mikono. Spika ikaitika. Si mwangwi, Baba. Fuwele huhisi mtikisiko wa sauti, hilo tunalijua, lakini ingenirudishia nilichopiga. Hii ilinipa nusu ya pili, ile ambayo marehemu Mama alikuitikia kutoka jikoni. Na katikati ilivuta pumzi kidogo, kama yeye, kwa sababu ya lile pengo la jino. Pumzi hiyo mimi sijawahi kuiweza.

Nilijaribu kurekodi kwa simu. Simu ilinasa mluzi wangu, kisha kimya.

Labda namkumbuka tu kupita kiasi. Niambie wewe.

Mwanao,
Bisibisi

Machi 20

Baba,

Shikamoo. Jibu lako halijanifikia, najua posta ni ile ile. Naandika haraka. Mkuu wetu ameisikia kelele, ingawa yeye anasikia mvumo tu. Fuwele hiyo ameahidiwa mteja, kwa hiyo ameagiza niirudishe tanurini mpaka isahau kila kitu, kisha niishikishe upya. Nilimwomba wiki moja. Akaniuliza, "Ya nini? Una mchumba humo?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Kesho asubuhi naipasha. Leo kabla ya kutoka nimeipigia tena. Imeitika taratibu, kama mtu aliyeshika kitu mkononi.

Bisibisi

Machi 21

Mwanangu Bisibisi,

Marahaba. Kifua kimetulia. Paka amezalia kwenye sanduku la soli, kwa hiyo siku hizi nashona viatu kwa ruhusa yake.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Tangu tumzike mama yako, kila jioni nikitoka kibandani napiga mluzi nikifika kwenye kona yetu. Ulidhani ni mazoea. Mwanangu, alikuwa anaitika. Kila jioni, kutoka jikoni, na ile pumzi yake. Sikukuambia, ungeniletea daktari. Nilikuwa naingia, naona jikoni hamna mtu, nabandika chai yangu, nami nimeridhika.

Mwanzoni mwa mwezi huu akaacha. Nilifikiri masikio yangu yamezeeka. Kisha barua yako ikafika.

Sijui amefikaje huko. Uliandika kwamba fuwele hupashwa moto. Nakuomba kitu kimoja: hii msiipashe tena. Nitunzie. Sina kingine ninachokirudia nyumbani.

Baba yako

Aprili 9

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sijui nikuulizeje hali.

Barua yako ilinikuta nimeshaipasha. Niliipigia siku nzima, ikanyamaza. Na haikumfaa hata mteja. Mwanga wake unayumba, Mkuu akaitupa kwenye kasha la mabovu. Nikaiokota.

Nimefanya jambo ambalo halimo kwenye utaratibu wetu wowote. Jumapili, maabara ikiwa tupu, niliirudisha tanurini, nikaiwekea umeme, na muda wote ilipokuwa inapoa niliipigia nusu ya Mama. Asubuhi mpaka jioni. Ile pumzi ya katikati nimejaribu nikashindwa, nikapiga mfululizo kama ninavyojua. Niliwaza kwamba kama inashika, basi ishike njia ya kwetu.

Kwangu haikuitika. Tena tangu jioni ile nikikunja midomo inatoka hewa tupu. Miwani anasema nimepata mafua. Sina mafua, Baba. Nasikia wepesi tu, kama mtu aliyeteremsha mzigo akasahau ameuteremshia wapi.

Nakutumia kwenye kisanduku chenye pamba. Kiweke jikoni. Hakina leza wala waya, kwa hiyo usitarajie makubwa. Ila piga, kisha uniandikie.

Mwanao,
Bisibisi

Mei 2

Mwanangu,

Marahaba. Kisanduku kimefika salama. Nilikiweka kwenye rafu aliyokuwa anawekea sufuria. Jioni nikatoka mpaka kwenye kona, nikapiga.

Ameitika. Nilisimama pale, jirani akanipita akidhani nimedondosha kitu. Umenirudishia mwenyewe wa nyumba, na sijui nikushukuru kwa maneno gani.

Lakini walioitika ni wawili. Mmoja anavuta pumzi katikati. Mwingine anapiga mfululizo, kwa haraka, kama ulivyokuwa ukipiga ulipokuwa ukinikimbilia njiani. Najiambia ni kile ulichokipiga siku ile ndicho kilichoshika. Ndivyo, sivyo?

Mluzi wako umerudi? Niandikie upesi. Mstari mmoja unatosha.

Baba yako

Mei 30

Bisibisi,

Barua yangu ya Mei 2 hujaijibu, wala ile niliyotuma baada yake. Jana nilimwomba jirani simu yake, mimi nisiyependa sauti isiyo na mtu, nikapiga maabara kwenu, nikampata Miwani. Anasema hujaonekana tangu wiki uliyotuma kisanduku. Viatu vyako viko mlangoni pa maabara. Ndani wametafuta kila mahali.

Leo jioni sikupiga mluzi. Nilikaa jikoni, nikakifungua kisanduku mbele yangu, nikauliza kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, u mzima?"

Kikaitika kwa mluzi mmoja, wa haraka. Hakikuvuta pumzi.

Baba yako